Umekutana na Chanzo Chako?

Tunazungumzia kurasa ambazo wengi huzifikia wakiwa wamekwishachoka, yaani zile za mwisho wa tasnifu, ripoti au makala ya kitaaluma, zinazobeba orodha ya marejeo. Mwanafunzi huziandika usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Msimamizi huzipitia kwa kalamu nyekundu, akisaka nukta iliyosahaulika na jina la kitabu lisilolazwa herufi. Baada ya hapo ni nadra mtu kuzifungua tena. Hoja yangu ni kwamba tunakagua umbo la marejeo kwa ukali na ukweli wa marejeo kwa ulegevu, na ingefaa iwe kinyume chake. Marejeo ni ushahidi wa mambo mawili: kwamba mwandishi amekutana na chanzo anachokitaja, na kwamba msomaji naye akitaka anaweza kukutana nacho. Kanuni inayosaidia mambo hayo mawili tuilinde kwa nguvu zote. Isiyosaidia lolote kati ya hayo haistahili kumnyima mwanafunzi usingizi, wala kumpunguzia alama.

Pengine utasema haya ni mambo ya wasomi na hayamhusu mtu wa kawaida. Basi sikiliza kisa hiki. Mwezi wa Januari 1980, jarida la tiba la Marekani liitwalo New England Journal of Medicine lilichapa barua ya Jane Porter na Hershel Jick wa Boston. Barua yenyewe ilikuwa na sentensi tano. Ilieleza kwamba katika kumbukumbu za wagonjwa 11,882 waliopewa hospitalini, angalau mara moja, dawa za maumivu za jamii ya afyuni, walionekana wanne tu waliopata uraibu bila ya kuwa nao hapo awali. Hao walikuwa wagonjwa waliolazwa wodini, chini ya macho ya madaktari na wauguzi. Barua haikugusa habari ya mtu anayerudi nyumbani na vidonge vya kumeza kwa miezi. Mwaka 2017 watafiti wa Canada waliifuatilia, wakakuta imetajwa na waandishi mara 608. Katika maandishi 439 kati ya hayo, sawa na asilimia 72, ilitajwa kuwa ni ushahidi kwamba dawa hizo hazileti uraibu ila kwa nadra. Na waandishi wanane katika kila kumi hawakumwambia msomaji kwamba wagonjwa waliohesabiwa walikuwa wamelazwa. Watafiti hao walihitimisha kwamba matumizi hayo ya barua moja yalichangia kuwatuliza madaktari wasiogope kuandika dawa ambazo baadaye zimeua watu wengi mno nchini Marekani.

Sasa angalia kasoro ilikuwa wapi. Majina ya waandishi yalikuwa mafupi na rahisi. Mwaka unajulikana, juzuu ni ya 302, ukurasa ni wa 123. Mtu angeweza kuandika marejeo hayo bila kukosea hata nukta moja, na mkaguzi wa nukta angempa alama zote. Alichohitaji mkaguzi ni kuifungua barua yenyewe na kuisoma, kazi isiyozidi dakika moja, kwa maana ni sentensi tano. Kosa la namna hii halionekani kwa kutazama orodha. Linaonekana pale tu mtu anapotoka kwenye orodha akaenda kubisha hodi kwenye chanzo.

Na wapo waliotaja vyanzo visivyo na mlango wa kubisha. Shirika moja kubwa la uchapishaji wa majarida ya sayansi, Elsevier, lilikuwa likiwapa waandishi kiolezo cha kuwaonyesha namna ya kupanga marejeo. Ndani yake mliwekwa mfano wa makala kuhusu sanaa ya kuandika makala za kisayansi, yenye majina ya waandishi watatu, jarida na mwaka 2000. Makala hiyo haikupata kuwapo. Ilitungwa kwa ajili ya mfano tu. Hata hivyo, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 ulikuta imetajwa karibu mara 400 katika maandishi ya kitaaluma. Waandishi wengine bila shaka walisahau kuufuta mfano walipojaza kiolezo, na wengine yaelekea waliona kichwa cha makala kinapendeza wakakichukua. Vyovyote iwavyo, marejeo hayo yalipita mikononi mwa wahariri, na umbo lake halikuwa na dosari, kwa kuwa lilikuwa ndilo umbo la kuigwa.

Hapa anasimama mpingaji wa kwanza, naye ana haki ya kusikilizwa. Atasema: basi kama umbo halizuii uongo, tuliache, kila mtu aandike apendavyo. La, hatuwezi kufika huko, na ushahidi mzuri wa kutuzuia umetoka kwenye makosa ya umbo lenyewe. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury, walifuatilia makala moja mashuhuri ya fizikia iliyokuwa imetajwa mara kama 4,300. Waliyakusanya marejeo yaliyokosewa tarakimu za juzuu, ukurasa au mwaka, wakapata 196. Lakini makosa hayo 196 hayakuwa ya aina 196. Yalikuwa ya aina 45 tu, na kosa moja lilijirudia mara 78. Watu 78 hawawezi kuteleza kidole mahali pamoja, kwenye tarakimu ileile. Mmoja aliteleza, wengine wakamnakili. Kwa hesabu zao, watafiti hao walikadiria kwamba katika wanaotaja makala, karibu mmoja kati ya watano ndiye aliyeisoma. Unaweza kuubishia ukadirio huo, maana mtu anaweza kuwa ameisoma makala kisha akanakili marejeo kutoka kwa mwenzake ili kuokoa muda. Lakini hata ukiupunguza makali, ukweli unabaki kwamba namba ya ukurasa iliyoandikwa kwa uangalifu huacha alama za nyayo. Inatuonyesha nani alifika na nani alipita njia ya mkato. Kwa hiyo umbo lina kazi, na ni juu yetu kujua kila kipande chake kinafanya kazi gani.

Vipande vyenyewe ni vichache. Jina la mwandishi linaeleza nani anawajibika kwa maneno haya. Mwaka unaeleza maneno yalisemwa lini, ili msomaji ajue kama yametangulia au yamefuata mambo mengine. Jina la kazi linaitofautisha na kazi nyingine za mtu huyohuyo. Mchapishaji au jarida, pamoja na juzuu na toleo, vinaeleza inapatikana wapi. Ukurasa unamwonea huruma msomaji asipekue kitabu kizima akitafuta sentensi moja. Siku hizi imeongezeka namba ya DOI, ambayo makala hupewa mara moja na kubaki nayo hata jarida likihamia tovuti nyingine. Ukiwa na vipande hivyo, msomaji aliyeko Kigoma, Bujumbura au Muscat anaweza kuifikia kazi uliyoitumia. Kipande kimoja kikikosekana, njia inaziba. Lakini kama mwaka umewekwa ndani ya mabano au mwishoni, kama kati ya vipande kuna koma au nukta, msomaji hapotei. Hayo ni makubaliano tu, na makubaliano hubadilika.

Yamebadilika mara nyingi. Mwaka 1881 mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard, Edward Laurens Mark, aliandika kuhusu konokono wasio na gamba, na ndani ya maandishi yake akaweka jina la mwandishi na mwaka katika mabano badala ya kuyapeleka chini ya ukurasa. Huko ndiko watafiti wengi hutafuta asili ya mtindo tunaouita Harvard. Vyuo vyetu vingi huuagiza mtindo huo kana kwamba kuna kitabu kimoja cha Harvard chenye neno la mwisho, ilhali hakuna. Kila chuo kina Harvard yake. Wanasaikolojia wa Marekani walichapa mwongozo wao wa kwanza, ule ulioitwa baadaye APA, mwaka 1929, na ulikuwa na kurasa saba. Toleo la saba, lililotoka mwaka 2019, lina kurasa zaidi ya 400. Wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver mwaka 1978, wakakubaliana kutumia namba badala ya jina na mwaka. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa na mwongozo wake tangu 1906. Na ndani ya mwongozo mmoja kanuni hugeuka. Kwa miaka mingi APA ilidai utaje mji wa mchapishaji, na aliyesahau kuandika Dar es Salaam au Nairobi kabla ya jina la mchapishaji alihesabiwa kosa. Toleo la saba likaufuta mji. Aliyekosea mwaka 2018 kwa kuuacha mji, mwaka 2021 angekosea kwa kuuweka. Jambo linaloweza kugeuka hivyo kwa uamuzi wa kamati si msingi wa elimu. Ni utaratibu, na utaratibu una heshima yake, ila usipewe kiti cha hukumu.

Tena utaratibu huo ulitungwa na watu waliokuwa wakiangalia rafu zao. Unapoletwa kwenye rafu ya Kiswahili unahitaji akili ya mtumiaji. Tuchukue majina. Miongozo hii inadhani kila mwandishi ana jina la ukoo, ndilo litangulie, kisha majina mengine yafupishwe kwa herufi moja moja. Sasa tazama waandishi watatu wa riwaya kutoka Zanzibar. Yuko Said Ahmed Mohamed, aliyeandika Utengano. Yuko Mohamed Suleiman Mohamed, aliyeandika Kiu na Nyota ya Rehema. Na yuko Mohamed Said Abdulla, aliyembuni mpelelezi Bwana Msa na kuandika Mzimu wa Watu wa Kale. Wakishafupishwa, wa kwanza ni Mohamed, S. A., wa pili ni Mohamed, M. S., na wa tatu ni Abdulla, M. S. Mwanafunzi akiandika ndani ya tasnifu yake kwamba Mohamed amesema jambo fulani, bila herufi na bila mwaka, msomaji hana namna ya kujua ni Mohamed yupi. Kwa desturi ya pwani, jina la mwisho aghalabu ni la babu au la baba, na mwenye kazi anajulikana kwa jina lake la kwanza. Dawa yake ni rahisi: katika orodha ya marejeo ya Kiswahili tuandike majina yote kwa ukamilifu. Mistari itarefuka kidogo, lakini hakuna atakayebebeshwa maneno ya mwenzake.

Au tuchukue mwaka. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mara ya kwanza mwaka 1951. Mwandishi alifariki mwaka 1962. Kitabu kimechapwa upya na wachapishaji zaidi ya mmoja, wakiwamo Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Mwanafunzi aliyeshika nakala ya miaka ya 1990 huandika mwaka wa nakala hiyo, kama mwongozo unavyoagiza, na umbo linakuwa sahihi kabisa. Matokeo yake, katika tasnifu tunamsoma Shaaban Robert akitoa maoni yake miaka thelathini baada ya kuzikwa. Mbaya zaidi, mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesoma tasnifu hiyo anaweza kudhani kwamba riwaya ile inakosoa siasa za vyama vingi, wakati iliandikwa Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza. Miaka yote miwili inahitajika, wa kwanza kutoka na wa nakala iliyotumika, na APA yenyewe inaruhusu iandikwe kwa mkwaju katikati. Kamusi nazo zina jambo hilohilo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu imetoka mwaka 1981, ikarekebishwa 2004, kisha 2013. Anayesema kwamba kamusi hiyo ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, inafasili neno hivi, bila kutaja toleo, ametupa jina la mtaa bila namba ya nyumba.

Mpingaji wa pili ni kijana mwenye kompyuta. Atasema: hayo yote yamekwisha, siku hizi kuna programu. Zotero ilitoka mwaka 2006 na ni ya bure, Mendeley ipo, na Word yenyewe ina sehemu ya marejeo. Unabonyeza, orodha inajipanga. Ni kweli, na kila mwanafunzi angefundishwa programu moja kati ya hizo mwaka wa kwanza badala ya kuhangaishwa na koma kwa miaka mitatu. Mashine ina uwezo wa kubadili marejeo mia mbili kutoka mtindo mmoja hadi mwingine kabla chai haijapoa. Lakini mashine haijui ulichoiingizia. Uiandikie Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kwenye nafasi ya mwandishi bila kuieleza kwamba hilo ni jina la taasisi, nayo inaweza kulifanya neno Kiswahili kuwa jina la ukoo, kisha ikafupisha Taasisi na Uchunguzi kama mtu aliyebatizwa majina hayo. Ndani ya Zotero kuna kitufe kidogo pembeni ya jina kinachounganisha nafasi mbili kuwa moja, kwa ajili ya taasisi. Chini yake kuna nafasi ya lugha. Ukiijaza kwamba kazi hii ni ya Kiswahili, programu haitakuza herufi za kwanza za maneno ya kichwa kwa kanuni za Kiingereza. Usipoijaza, katika mitindo fulani utapata Kamusi Ya Kiswahili, yenye Y kubwa isiyo na kazi. Haya ni mambo ya dakika mbili kwa anayeyajua, na ndiyo yanayotufundisha kwamba programu hupanga, ila kuhakiki kumebaki kwa binadamu.

Na sasa imekuja mashine inayofanya zaidi ya kupanga. Mwaka 2023, katika mahakama ya shirikisho mjini New York, mawakili wa abiria aliyeishitaki kampuni ya ndege ya Avianca waliwasilisha hoja iliyotaja kesi zilizotangulia. Kesi zilikuwa na majina, namba, tarehe, hata maneno ya majaji. Wakili wa upande wa pili alizitafuta asizione. Ikabainika kwamba zimetungwa na ChatGPT, programu ya akili mnemba, na Jaji Kevin Castel akawatoza faini ya dola 5,000. Umbo la marejeo yale lilikuwa la kuaminika, na hilo ndilo lililowaponza. Akili mnemba imesoma mamilioni ya orodha za marejeo, hivyo inajua umbo kuliko mtu yeyote. Ikikosa chanzo, ina uwezo wa kutoa umbo tupu, lenye mwandishi anayefanana na wa kweli na jarida lenye jina la kuheshimika. Kwa hiyo yule msimamizi aliyezoea kupima kazi kwa usafi wa marejeo amenyang'anywa kipimo chake. Usafi sasa hauna gharama. Hata programu kama Turnitin, ambazo vyuo vingi hutegemea, kazi yake kubwa ni kupima maandishi yamefanana kiasi gani na maandishi mengine. Marejeo ya kubuni hayafanani na kitu, na kwa sababu hiyo yanaweza kupita bila kelele.

Mpingaji wa tatu ana hoja nzito zaidi. Atasema mfumo huu mzima ni wa kigeni, umetengenezwa kwa ajili ya karatasi, wakati sehemu kubwa ya maarifa yetu imo vinywani mwa watu. Ukimhoji mghani wa tenzi huko Lamu au fundi wa majahazi huko Nungwi, APA itakuambia umtaje ndani ya maandishi kama mawasiliano binafsi na usimweke kwenye orodha, kwa kuwa msomaji hawezi kuyarejea mazungumzo hayo. Hivyo profesa aliyekaa naye wiki mbili anaingia kwenye orodha, na mwenye elimu anabaki nje. Nakubaliana na nusu ya hoja hii. Kumwacha mwenye elimu nje ya orodha ni dhuluma, na wengine wameanza kuirekebisha. Mwaka 2021 mkutubi wa Canada, Lorisia MacLeod, alichapa violezo vya kuwataja wazee wa jamii za asili za nchi hiyo katika orodha ya marejeo, kwa jina, jamii yao, mahali wanapoishi, mada waliyofundisha na tarehe. Hakuna kinachotuzuia kufanya vivyo hivyo. Kwa jambo hilo tuna mwanzo wetu wenyewe: Bethwell Ogot alipoandika historia ya Waluo wa kusini mwaka 1967, na Isaria Kimambo alipoandika historia ya Wapare mwaka 1969, walijenga juu ya masimulizi ya wazee na wakayapa uzito wa ushahidi wa kihistoria.

Nusu ya pili siikubali. Desturi ya kutaja maneno umeyapata kwa nani haikutufikia kwa meli ya wakoloni. Wanazuoni wa hadithi za Mtume, ambao elimu yao imesomeshwa misikitini na madrasani katika pwani hii kwa karne nyingi, waliijenga juu ya isnadi, ile silsila ya fulani amepokea kutoka kwa fulani, hadi mwanzo. Wala hawakuridhika na majina kupangwa vizuri. Walitunga elimu nzima ya kuwachunguza wapokezi: alizaliwa lini, aliishi mji gani, kumbukumbu zake zilikuwaje. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, anajulikana kwa sharti lake kali la kutaka uthibitisho kwamba mpokezi na anayempokea walikutana. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Silsila iliyopangika lakini ambayo watu wake hawakukutana ilihesabiwa dhaifu, hata iwe na majina matukufu. Washairi wetu wa tenzi nao walikuwa na mazoea ya kutaja jina lao na mwaka wa Hijria katika beti za mwisho, ili anayenakili ajue kazi ni ya nani na ni ya lini. Sisi hatuna sababu ya kuyaona marejeo kama kodi ya kigeni. Tunayo sababu ya kuyadai yawe na maana ileile ambayo wakubwa wetu waliidai.

Ila kwa vyanzo vya mdomo kuna tahadhari moja. Mzee anayetoa elimu yake ni mwandishi asiyetumia kalamu, na apewe jina lake kwa ridhaa yake. Mtu anayehojiwa kuhusu ugonjwa wake, ndoa yake au ukatili aliotendewa ni mtu mwingine kabisa. Huyo afichwe, na jina lake lisionekane popote. Mwongozo wa chuo unaowaweka wote wawili chini ya kichwa kimoja cha mahojiano umemdhulumu wa kwanza na kumhatarisha wa pili.

Tufanye nini, basi? Wasimamizi wangeanza na zoezi dogo. Katika kila kazi, chagueni marejeo matano bila mpangilio, mwambieni mwanafunzi ayalete, kitabu au faili, na aonyeshe sentensi anayoitegemea. Aliyeyasoma ataleta kwa dakika chache. Ambaye hajayasoma atajulikana, na zoezi hilo litamfundisha kuliko mistari mia ya wino mwekundu. Akiwa amepata hoja ya mtu mmoja ndani ya kitabu cha mwingine, aseme wazi kwamba ameinukuu kupitia huyo wa pili. Hilo si aibu, aibu ni kujifanya umefika. Kwa vyanzo vya mtandaoni, mwanafunzi ahifadhi nakala. Utafiti wa Jonathan Zittrain na wenzake wa Harvard ulionyesha mwaka 2014 kwamba karibu nusu ya viungo vya mtandao vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikumfikisha tena msomaji kwenye maandishi yaliyokusudiwa. Ikiwa mahakama hiyo inapoteza vyanzo vyake, blogu ya kijana wa Mbeya haitadumu zaidi. Hifadhi ya Wayback Machine inapokea ukurasa bure na kukupa kiungo cha kudumu.

Wachapishaji wetu nao wana deni. Kitabu kisicho na mwaka, kisichoeleza ni toleo la ngapi wala lini kilitoka mara ya kwanza, kinamlazimisha kila anayekitumia aandike kwamba hakina tarehe. Mstari mmoja nyuma ya ukurasa wa jina unatosha kuondoa tatizo hilo. Na vyuo vichague mtindo mmoja, viueleze kwa kurasa chache za Kiswahili, vitoe mifano ya vitabu vyetu, majina yetu na magazeti yetu, kisha viiachie programu kazi ya koma. Alama zitolewe kwa chanzo kilichosomwa na kutumiwa kwa haki.

Nawe msikilizaji unayeandika tasnifu wakati huu, kabla hujalala leo fungua orodha yako. Weka alama kwenye kila kazi ambayo hujawahi kuifungua. Kisha isome, au ifute.